Hodi Isiyoandikwa

"Nimekimaliza," Mkasi alisema, akakiweka kitabu juu ya meza ya kukatia, katikati ya chaki na mabaki ya kitambaa cheupe.

Maktaba aliacha sindano ikining'inia kwenye uzi. Jamani, mwanamume huyu! Tangu wajuane alikuwa akimbembeleza asome riwaya, hata moja, hata nyembamba, naye kila siku ana sababu: mara macho yanauma, mara kazi imemchosha, mara akifungua kitabu tu usingizi unamvamia. Leo amemaliza riwaya nene, maandishi yamebanana, jalada halipo, na amekuja kumwambia mwenyewe.

"Chote?"

"Chote."

"Hukuruka hata kidogo? Pale kwenye ile safari ndefu kila mtu anaruka."

"Sikuruka. Nilisoma kwa kidole kama mtoto wa darasa la kwanza. Kuna kurasa nilizirudia mpaka mama akaniuliza naongea na nani."

"Mpenzi wangu wee!" Maktaba alipiga makofi, hakujizuia. "Hebu kaa. Kaa uniambie ulilia wapi. Usinidanganye, lazima ulilia. Na kuna kingine nimekuwekea, chepesi kuliko hiki, halafu ukimaliza hicho kuna..."

"Sikai," Mkasi alisema.

Ndipo Maktaba alipomtazama usoni. Huyu mtu ndiye aliyezoea kucheka kwa macho kabla ya mdomo. Leo macho yalikuwa mekundu, na mdomo ameubana. Hakuna aliyemwambia Maktaba kitu, lakini alijua.

"Umefika ukurasa wa mwisho," alisema kwa sauti ndogo.

"Nimefika."

Ilikuwa Jumamosi alasiri, wenzao wote wameshaondoka, cherehani zimefunikwa. Nje mawingu yalikuwa yametanda tangu asubuhi na taa moja ilikuwa ikiwaka juu ya meza ya kukatia.

Ngoja nikurudishe nyuma kidogo, maana balaa hili huwezi kulielewa bila kuijua karakana yenyewe.

Karakana ilikuwa ya kushona sare za shule. Mkasi alikuwa mkataji, ndiyo asili ya jina: mtu wa kutandika kitambaa tabaka juu ya tabaka, akachora kwa chaki, akapitisha mkasi mkubwa bila mkono kutetemeka. Maktaba alikuwa mshona vifungo. Jina lake halisi alilijua mama yake na mhasibu. Wengine wote walimwita Maktaba kwa sababu hajawahi kuonekana bila riwaya. Alisoma kwenye foleni, alisoma sufuria ikiwa jikoni, na alisoma akitembea mpaka siku moja akaiomba radhi nguzo ya umeme aliyoigonga. Orodha ya riwaya alizokusudia kusoma ilikuwa imebandikwa ndani ya mlango wa kabati lake, kwenye karatasi pana za kuchorea vipimo alizopewa na Mkasi. Kila alipofuta jina moja aliongeza manne, na karatasi ilikuwa imeshafika sakafuni. "Wewe hufi," shoga zake walimtania. "Malaika wa mauti akija utamwambia asubiri kwanza umalize orodha." Naye aliwajibu bila aibu kwamba ndiyo, atamwambia hivyohivyo.

Pale karakanani walikuwa na utaratibu wao. Alasiri, cherehani zikizimwa na kazi ya mkono ikaanza, mmoja alisoma riwaya kwa sauti na wengine wakagawana vifungo vyake. Msomaji alikuwa Maktaba siku zote, nani mwingine? Lakini Fundi Mkuu, mama mmoja mwenye sauti ya kuamrisha, alikuwa na sheria yake: hakuna kulia juu ya mashati meupe. Wanja hautoki, jamani. Kuna siku bibi harusi mmoja wa kitabuni alikufa njiani kwenda kwenye harusi yake, na sare za shule nzima zikarudi kufuliwa. Kuanzia hapo, Maktaba akiona mwisho ni mbaya aliubadili papo hapo. Macho kwenye karatasi, sauti imetulia, na bibi harusi anapona, meli haizami, ndugu wanapatana. Hakuna aliyewahi kumshtukia. Mwenyewe aliona ni huruma tu, tena ni kuokoa mashati.

Na katika wasikilizaji wote, aliyekuwa anasikiliza kwa moyo ni Mkasi. Akikata kitambaa alikata polepole ili asikose neno. Siku alipopiga moyo konde alimfuata mlangoni akamwuliza, "Kwenye hiyo orodha yako, mimi ni wa ngapi?" Maktaba akamjibu, "Wewe humo. Wewe ndiye ninayekusoma sasa." Basi! Walishinda wakichekeana mpaka Fundi Mkuu akawatenganisha meza.

Nyumbani kwa Mkasi ndiko mambo yalikokuwa magumu. Mama yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Mkubwa, aliguna. "Mke wa vitabu? Jiko atawasha saa ngapi?" Na dada yake Mkasi, aliyeolewa mji wa mbali, alipiga simu kusema kwamba wanawake wa riwaya hawaolewi na mume, wanaolewa na mhusika, na siku mume akikoroma wanashangaa. Posa ikakwama hapo.

Halafu Bi Mkubwa akaugua. Uvimbe tumboni. Maktaba, bila kutumwa na mtu, akawa anapita kila jioni akitoka kazini, anakaa kwenye kigoda, anamsomea. Alianza na riwaya ambayo zamu yake ilikuwa imefika kwenye orodha, ile isiyo na jalada, ambayo na yeye alikuwa hajaisoma. Ilikuwa habari ya mwanamke aliyeachwa na mume aliyekwenda kutafuta kazi asirudi. Maktaba hakujua, maana Mkasi hakuwa mtu wa kumzungumzia baba yake, kwamba alikuwa akimsomea Bi Mkubwa maisha yake mwenyewe. Alipokuja kujua, walikuwa wameshafika katikati na mgonjwa hakubali kuacha. "Endelea, mwanangu," alikuwa akisema. "Huyo mwanamke namjua."

Wakafika ukurasa wa mwisho. Mume yule wa kitabuni, sasa mzee, anasimama mbele ya mlango wa mkewe. Bi Mkubwa alimshika Maktaba kifundo cha mkono, vidole vyake vimekonda, ameinua kichwa kutoka kwenye mto. "Amebisha? Mwanangu, amebisha hodi?" Macho ya Maktaba yalikuwa yameshatangulia mstari wa mbele. Aliona kilichoandikwa. Na ulimi, kwa mazoea ya mashati meupe, ukasema, "Amebisha, mama. Amebisha hodi."

Jioni ile Bi Mkubwa alilia kwa furaha akambusu Maktaba paji la uso. "Mwanangu aje akuoe hata kesho," alisema.

Sasa turudi karakanani.

"Kwa nini ulimwambia alibisha?" Mkasi aliuliza.

"Alinishika mkono. Ungemwona, Mkasi. Ungemwona macho yake."

"Macho yake nayaona kila siku. Unajua kwa nini nilikisoma hiki kitabu? Unadhani nilikuwa nakufurahisha?"

"Nilidhani hivyo," Maktaba alisema.

"Nilikuwa natafuta neno. Mama amekataa kwenda kupasuliwa, wiki nzima sasa. Gari limekuja, dada amekuja nalo tangu asubuhi, kitanda kimeshikwa hospitali ya huko kwao, wakiona Jumatatu hatupo wanampa mwingine. Mama anasema haendi. Unajua sababu?"

Maktaba alitikisa kichwa. Tangu wamalize kitabu hakuwa amepita kule, kazi ya sare ilikuwa ikimweka mpaka usiku.

"Anasema yule mwanamke hakutoka nyumbani kwake, ndiyo maana mumewe akamkuta. Anasema, 'Nikienda huko mbali, baba yenu akija atamkuta nani?' Baba, Maktaba! Mtu aliyeondoka sijang'oa meno ya utoto! Mama alikuwa ameshamsahau, amemzika moyoni, amemaliza. Sasa amenituma nitengeneze komeo la mlango wa mbele, na mchana hataki lifungwe." Alivuta pumzi. "Nikajiambia, ngoja nisome mwenyewe, labda humo ndani nitapata neno la kumshinda kwalo. Nikafika mwisho. Mara ya kwanza nilidhani sijui kusoma."

"Nisamehe."

"Na vya hapa je? Yule binti mwenye kifua, aliyekaa hospitali. Alipona?"

Maktaba alianza kuokota vipande vya chaki mezani.

"Alipona?"

"Hakupona."

"Wale ndugu wawili wa shamba?"

"Hawakupatana, Mkasi. Mmoja alimuua mwenzake. Ningewasomeaje akina mama wale vitu kama hivyo?"

Mkasi alicheka, kicheko kibaya kisicho na raha ndani yake. "Nilivipenda vile visa. Nilikuwa narudi nyumbani nikijiambia, kumbe mambo huwa yanaishia vizuri, ni kuvumilia tu. Mtu mzima mimi." Akakishika kitabu, akakiacha tena. "Na uliposema unanipenda, hilo lilikuwa limeandikwa wapi?"

"Halikuandikwa popote! Lile ni langu mwenyewe!"

"Nitajuaje? Uso ni uleule. Sauti ni ileile."

Hapo Maktaba alilia. Alilia waziwazi, pua na macho, juu ya shati la mtoto wa watu, na wala Fundi Mkuu hakuwepo wa kumkemea. Alimpenda mwanamume yule kuliko riwaya zote zilizosomwa na zisizosomwa, na hakuwa na njia ya kulithibitisha. Angesema nini? Kila neno zuri alilolijua, alikuwa ameshalitumia kwa sauti hiyohiyo mbele yake, akidanganya.

"Unataka nifanye nini?" aliuliza.

"Uje umsomee kilivyoandikwa."

"Mwambie wewe!"

"Nimemwambia leo asubuhi. Nimemsomea kabisa. Anasema mimi sijui kusoma, ananijua tangu shule. Dada naye akamwambia, akaambiwa ana wivu. Anasema sauti anayoiamini ni yako."

"Atanichukia."

"Labda," Mkasi alisema. "Asipopasuliwa atakufa. Ulikuwepo daktari alipotuita pembeni."

Maktaba alikuwepo. Daktari alisema polepole, akikwepa macho yao, kwamba bila upasuaji hakuna tumaini, na kwa upasuaji tumaini ni dogo, uvimbe umeachwa muda mrefu mno. Wagonjwa wa hali ile wengi hawatoki. Walikubaliana wote kwamba hilo la pili Bi Mkubwa asiambiwe, maana akilisikia hatasogea kitandani.

Alifuta uso kwa pindo la gauni lake. Akachukua kitabu.

Njiani Mkasi alitangulia hatua chache, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Siku zote alikuwa akitembea upande wa barabara ili magari yapite karibu naye, si karibu na Maktaba. Leo kila mtu na upande wake. Mbele ya nyumba gari la kukodi lilikuwa limeegeshwa, dereva amelala usingizi, mdomo wazi. Mlango wa mbele ulikuwa umeachwa nusu wazi na kuzuiwa kwa jiwe.

Dada yake Mkasi alikuwa barazani, mikono kifuani.

"Shikamoo, wifi," Maktaba alisema.

"Marahaba. Wifi wa nani?" Akampisha. "Ingia. Umefunga mafundo mwenyewe, fungua mwenyewe."

Chumba cha Bi Mkubwa kilinukia dawa na sabuni. Kitanda kilikuwa kimegeuzwa ili aliyelala aone mlango wa mbele kupitia ukumbini, na hilo lilikuwa jipya. Kwenye kiti cha karibu palikuwa na shati la kiume limepigwa pasi, la zamani, kola yake imebadilika rangi. Maktaba alipoliona lile shati alitamani kugeuka akimbie.

"Mwanangu!" Bi Mkubwa alinyoosha mikono. "Umeletwa na wewe uje unisukume? Wamenichosha hawa. Kaa. Umekuja na kitabu kipya?"

"Nimekuja na kilekile, mama."

"Ah. Hicho tulikimaliza."

"Hatukukimaliza, mama. Nilikimaliza vibaya."

Bi Mkubwa alimtazama, kisha akamtazama mwanawe aliyesimama mlangoni, kisha akarudisha macho kwake. Hakuwa mjinga yule mama. Aliondoa mikono yake polepole, akaiweka juu ya shuka.

"Soma," alisema.

Maktaba alifungua ukurasa wa mwisho. Maishani mwake hakuna kitu alichokuwa hodari nacho kama kusoma kwa sauti, na sasa herufi zilikuwa zinacheza. Akaweka kidole chini ya mstari, akaanza.

"'Alisimama mbele ya mlango. Aliuona moshi wa jiko ukitokea dirishani, akausikia ufagio ukipita sakafuni. Akainua mkono. Mkono ulikaa hewani. Kisha akaushusha, akaufuta kwenye suruali yake, akaenda zake. Ndani, mwanamke alimaliza kufagia.'"

"Endelea."

"Basi, mama. Ndiyo mwisho."

"Rudia."

Alirudia. Mkasi pale mlangoni alikuwa ameinamisha kichwa.

"Huo ufagio," Bi Mkubwa alisema. "Aliusikia?"

"Aliusikia, mama."

"Kwa hiyo alijua kuwa mkewe yumo."

"Alijua."

"Na hakubisha."

"Hakubisha."

Bi Mkubwa alitazama ukumbini, kule mlangoni kulikowekwa jiwe. Maktaba alisikia dereva akikohoa huko nje, na mtu akipita mtaani akiita mwenzake.

"Na kile ulichonisomea siku ile?"

"Nilikitunga."

"Kwa nini?"

"Ulinishika mkono ukaniuliza. Nilikuwa nimeshakupenda, mama. Sikuweza."

"Hukuweza," Bi Mkubwa alirudia. Hakupandisha sauti, na ingekuwa afadhali angepandisha. "Mimi nimelala hapa namsamehe mtu, mwanangu. Nimemsamehe yote. Njaa aliyoniachia, maneno ya ndugu zake, watoto wakiniuliza baba yuko wapi. Nimetoa kimoja kimoja nikamsamehe, tena kwa machozi. Kumbe nilikuwa namsamehe mtu wa kitabuni, na hata huko kitabuni hayumo."

"Mama, naomba..."

"Usiniombe kitu. Nimechoka." Akamgeukia mwanawe. "Mwite dada yako anivalishe. Na hilo shati liondoe mbele yangu."

Dada mtu aliingia, akamwinua, akamvalisha gauni na viatu, bila kumtazama Maktaba ila mara moja tu, alipokuwa akimfunga mama kitambaa cha kichwa. "Njia ya mwongo fupi," alisema chini chini, kama anayejisemea mwenyewe. Maktaba alikunja shuka, kwa kuwa mikono yake haikujua la kufanya, mpaka dada mtu akamnyang'anya akaikunja upya.

Mkasi alimbeba mama yake kifuani mpaka kwenye gari. Alikuwa mwepesi mno yule mama, na Mkasi alipopita karibu na Maktaba alifumba macho. Alipandishwa kiti cha nyuma, mto mgongoni, binti yake upande mmoja. Begi likaingizwa. Mkasi alikuwa anakwenda nao na hakusema atarudi lini.

"Nije?" Maktaba alimwuliza walipokuwa nyuma ya gari. "Nitaomba ruhusa kwa Fundi Mkuu. Nitafua, nitapika, sitasoma hata herufi moja. Nitakaa tu."

"Sijui," Mkasi alisema.

"Hujui nije, au hujui unanipenda?"

"Nakupenda. Hilo ndilo ninalolijua." Sauti yake ilikuwa imevunjika. "Ila kila ukifumbua mdomo nitakuwa natafuta ukurasa, nione kama kweli limeandikwa. Nipe muda kidogo. Mama apone kwanza. Nikirudi tutaongea."

Tutaongea! Msomaji, hujui jinsi neno hilo lilivyomwingia Maktaba. Alilipokea kwa mikono miwili. Mtu anayesema tutaongea hajafunga mlango, alijiambia, na kwa mara ya kwanza tangu alasiri ile alihisi hewa ikimfika kifuani.

"Maktaba!"

Ilikuwa sauti ya Bi Mkubwa kutoka kiti cha nyuma. Hakumwita mwanangu. Maktaba alikwenda dirishani.

"Hawa wanangu," Bi Mkubwa alisema, "nikiwauliza alichosema daktari wanatazama viatu vyao. Wewe ulikuwepo. Ukanidanganya siku ile, lakini leo umeniambia ukweli, na ukweli wenyewe ulikuwa mchungu, na umeona sijafa. Basi niambie na hili. Alisema nitapona?"

Mkono wake ulikuwa kwenye kitasa cha mlango. Vile vidole vilivyokonda vilikuwa vimekishika sawasawa, tayari kufungua.

Maktaba aliinua macho. Ng'ambo ya gari, Mkasi alikuwa amesimama, kiganja juu ya paa. Alikuwa amesikia kila neno. Alitikisa kichwa, kidogo sana, mama yake asione, na midomo yake ikasema bila sauti: Tafadhali.

Alikuwa amemwomba ukweli mchana huohuo. Sasa anamwomba uongo, na gari lenyewe limeshawashwa.

Maktaba aliinama mpaka uso wake ukalingana na wa Bi Mkubwa. Akamtazama machoni.

"Alisema utapona, mama," alisema. "Alisema tumekuwahi. Kwamba huko wanafanya upasuaji wa namna hiyo kila wiki, na daktari wa huko ana mkono mwepesi. Alisema mwezi ujao utakuwa unawagombeza wajukuu."

"Alisema hivyo? Mpaka wajukuu?"

"Alicheka aliposema. Alisema, mama mkali kama yule haendi popote."

Sauti haikutetemeka hata kidogo. Bi Mkubwa alimchunguza, akamchunguza tena, na kitu kilichokuwa kimekaza usoni mwake kikalegea. Aliachia kitasa. Akaegemea mto, akafumba macho, na kwa mbali akatabasamu.

"Haya," alisema. "Mwambieni dereva twende."

Mkasi alizunguka gari akaja upande ule kuukaza mlango. Maktaba alisimama kumngoja. Alikuwa amemfanyia alichoomba, amembakishia mama yake garini, na moyoni alitarajia mkono wake, hata ncha za vidole.

Mkasi hakumshika. Alikuwa akimtazama usoni, paji la uso, macho, mdomo, kama mtu anayepekua kitambaa akitafuta mshono. Alitafuta, na Maktaba aliona dhahiri kwamba hakuupata.

"Nilikuwepo kwa daktari," Mkasi alisema taratibu. "Nilisikia kwa masikio yangu alichosema. Na sasa hivi, ulipokuwa unamwambia mama, hata mimi nimekuamini."

"Mkasi, wewe ndiye uliyeniomba..."

"Najua. Mimi ndiye niliyeomba." Alirudi hatua moja nyuma. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na alipozungumza tena alizungumza kwa adabu, kama unavyomshukuru mtu usiyemjua aliyekuonyesha njia.

"Asante sana, dada," alisema, akaingia garini.